Kigari cha Rimoti

Serafina Maduhu ana kibanda cha kutengeneza redio na spika Kalangalala, mjini Geita, mkabala na mashine ya kusaga. Ni mwanamke mrefu, si mwingi wa maneno, na wateja wake wamezoea kumsubiri amalize anachofanya ndipo awajibu salamu. Alizaliwa upande wa Kolandoto. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa na meza ya kutengeneza redio sokoni Shinyanga na ambaye hakuwahi kumkabidhi mtu kifaa bila kwanza kukitesa. Alikichomoa ghafla kikiwa kinaimba, akakipa umeme hafifu, akakitikisa. Alitaka kujua kitafanya nini siku kikishindwa kazi. Serafina alikua akidhani mafundi wote wanafanya hivyo.

Mumewe ni Eustace, mtu wa Biharamulo, aliyekuja Geita akiwa kijana kutafuta dhahabu na hakurudi kwao tena. Walijaliwa mtoto mmoja, Rhoda, ambaye sasa yuko chuoni Mwanza. Eustace alifanya kazi kwenye maduara mengi, mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, na kote alipopita kazi yake ilikuwa ile ile: kubeba viroba vya mawe mgongoni, kutoka chini mpaka mdomo wa duara. Katika miaka ya karibuni mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Akirudi nyumbani Jumapili alilala chini kwenye mkeka, kwa sababu godoro lilimuumiza, na Serafina alimkanda kwa maji ya moto bila wote wawili kulizungumzia.

Mvua za kwanza zilipoanza, bosi wa Eustace alikuja kibandani. Aliitwa Sabiti. Alikuwa na duara karibu na Segese, mwendo mrefu kutoka Geita, na Eustace alikuwa huko kwa mwaka wa pili. Sabiti alikuwa mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Dereva wake alishusha kitu kilichofungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, mzee," Serafina alisema.

"Marahaba, Mama Rhoda. Nimekuletea kazi ambayo naambiwa hapa mjini ni wewe tu utaiweza."

Kilikuwa ubao wa magurudumu manne, mnene, mweusi, wenye betri tumboni na mota mbili nyuma. Mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi za mkataba alikuwa akiupanda jioni ndani ya uzio wa nyumba aliyopanga, na alipoondoka aliuuza. Rimoti yake ilikuwa imepotea. Sabiti alikuwa ameagiza nyingine Dar es Salaam, lakini ilipofika ubao haukuitambua.

"Ubao wa watoto kuchezea," Serafina alisema.

"Unambeba mtu mzima na kupanda naye mlima. Nimeuona kwa macho yangu. Sasa kama unambeba mtu, si utabeba viroba viwili?"

Akamweleza. Handaki la duara lake lilishuka kwa mteremko, halikuchimbwa wima kama mengine. Angetandika mbao kutoka juu mpaka chini, na kingo pande zote mbili ili magurudumu yasitoke njiani. Chini mtu angepakia, juu mtu angebonyeza rimoti, mawe yakapanda yenyewe.

"Watu wananichosha, Mama Rhoda," alisema kwa upole. "Leo huyu mgongo, kesho yule kifua. Mumeo mwenyewe unamjua alivyo. Huyu ndiye nataka nimpe rimoti. Akae, abonyeze."

Serafina alimwambia auache.

Aliufanyia kazi uani kwake, juu ya meza, magurudumu yakiwa hewani. Alibonyeza kitufe cha ubao na kukishikilia mpaka taa ndogo ya bluu ikaanza kupepesa, kisha akashikilia vitufe viwili vya rimoti kwa pamoja. Mara ya kwanza taa ilizimika. Mara ya pili rimoti ililia, taa ikatulia, na alipovuta kitufe cha mwendo magurudumu yakazunguka kwa mlio mwembamba kama wa mbu. Yalizunguka kinyume. Alirekebisha hilo, akapunguza mwendo hadi wa chini kabisa, akauweka ubao ardhini na kuupakia mawe ya msingi yaliyobaki baada ya kujenga choo. Ulikwenda, ukarudi, ukasimama pale alipotaka. Majirani walikuja kutazama. Mama wa mashine ya kusaga alicheka mpaka akafuta macho.

Kisha Serafina akafanya kama mjomba wake. Aliuacha ubao ukitembea taratibu, yeye akarudi kinyumenyume na rimoti mkononi mpaka nyuma ya kontena la chuma la duka la jirani. Kutoka pale hakuuona tena. Akabonyeza breki, akasubiri, akatoka kutazama. Ubao ulikuwa umepita mahali alipokusudia usimame. Ulikuwa unaserereka peke yake, bila mota wala breki, mpaka ukagota kwenye ukuta wa choo.

Alirudia mara nyingi, na kila ulipopoteza mawasiliano ubao ulijiachia tu. Waliouunda walikuwa wamemfikiria mtu aliyesimama juu yake barabarani, ambaye breki ya ghafla ingemrusha. Hawakuwaza mteremko wenye giza na mtu ameinama chini yake. Serafina alitafuta namna ya kubadilisha tabia hiyo akakosa. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akautazama ule ubao.

Sabiti alipokuja kuuchukua, alimwonyesha. Alimpeleka mpaka nyuma ya kontena, akambonyezesha breki mwenyewe.

"Rimoti hii inataka ione ubao," alimwambia. "Ukijificha, mawasiliano yanakatika. Yakikatika ubao ukiwa na mzigo mlimani, unarudi chini. Fungeni kamba nyuma yake, mtu aishike juu, aizungushe kwenye gogo."

"Kamba inakwama, Mama Rhoda. Kamba ndiyo iliyonifanya nitafute rimoti."

"Handaki limenyooka?"

Sabiti alitabasamu. "Muulize mumeo. Yeye ndiye anayeingia."

Eustace alikuwepo siku hiyo, amekuja na gari la bosi ili asaidie kupakia. Serafina akamgeukia. "Baba Rhoda, limenyooka?"

"Limenyooka," Eustace alijibu. "Kama rula." Akainama kuukamata ubao, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuguna alipoinuka.

Serafina alitaka kwenda kuona kwa macho yake, na siku ya kuufunga alikwenda Segese. Lakini pale duarani mwanamke hakuruhusiwa kuukaribia mdomo wa handaki. Wanaapolo, kama wachimbaji wanavyojiita, waliamini mwanamke akikanyaga ndani dhahabu inakimbia. Walimwekea kiti chini ya turubai, mbali. Kutoka pale aliona matimba mawili ya mlangoni, magogo meusi kwa unyevu, na kati yake giza. Aliona ubao wake, sasa kigari, ukiingia humo na kreti ya mbao juu, ukamezwa. Alisikia ule mlio mwembamba ukififia, kisha kimya, kisha kelele za wanaume wakishangilia chini. Mchimbaji mmoja mwenye uso wa duara, aliyeitwa Bujiku, alitoka akiwa ametapakaa tope, akaja kumshika mikono yote miwili.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Umetuokoa migongo. Mungu akubariki."

Alikuwa Msukuma wa Kolandoto pia, kumbe, na mkewe Loveness alikuwa amesoma shule moja na mdogo wake Serafina. Waliongea kidogo habari za nyumbani. Bujiku ndiye angekuwa chini, akipakia. Serafina alimwambia asisimame kwenye mbao kigari kikiwa njiani. Bujiku alicheka, akasema sawa, mayu, sitasimama.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Eustace alirudi nyumbani akitembea wima, akalala tena kitandani. Alisimulia jinsi mawe yanavyopanda, jinsi wachimbaji wa maduara ya jirani wanavyokuja kutazama. Serafina alimsikiliza na akajilazimisha kufurahi. Mara nyingine, katikati ya kazi kibandani, alijikuta ameacha kuunganisha waya na anatazama nyuma ya kontena.

Jumapili moja, wakiwa wanakula, Eustace alisema, "Mvua imezidi. Pale konani maji yanachuruzika mpaka natota."

Serafina aliweka tonge chini. "Konani wapi?"

Eustace aliendelea kumega ugali.

"Baba Rhoda. Konani wapi?"

"Ni kakona kadogo," alisema hatimaye. "Katikati. Wakati wanachimba walikuta jiwe gumu, wakalizunguka. Lakini mimi ndiyo nasimama pale pale. Naona juu, naona chini. Kuna kishimo ukutani, najibana humo kigari kinapita. Hakuna shida."

"Uliniambia limenyooka."

"Ningekuambia linapinda ungemkatalia Sabiti."

"Ndiyo."

"Basi." Akasukuma sahani. "Unajua nilivyokuwa nalala, Serafina. Unajua."

Eustace hakumwita kwa jina lake ila mara chache sana, na Serafina akaacha kubishana. Lakini kesho yake alimpigia simu Sabiti. Alimwambia kwamba handaki lina kona, na kwamba mtu wa rimoti asitolewe pale konani hata kwa dakika moja, na kwamba kamba bado inahitajika. Sabiti alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema amemwelewa, akamshukuru, akamwulizia Rhoda.

Jumapili iliyofuata Eustace alirudi amekunja uso. "Bosi ameniambia mbele ya watu kwamba mke wangu anampigia simu kumfundisha kazi. Usimpigie tena."

"Ameweka kamba?"

"Nimesema usimpigie tena."

Akalala akimpa mgongo. Serafina hakupiga tena. Mvua iliendelea kunyesha wiki ile yote, mvua ya kutwa isiyo na radi, na barabara ya mbele ya kibanda ikageuka tope jekundu. Wateja walikuwa wachache. Alikuwa amekaa na redio ya mtu mapajani Eustace alipompigia, saa ambayo kwa kawaida huwa handakini.

"Mama Rhoda," alisema. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele. "Mama Rhoda, Bujiku." Simu aliiacha wazi, na Serafina akasikiliza kelele zile na mvua mpaka ikakatika.

Ilikuwa hivi. Siku hiyo mtu wa kushusha viroba juu hakuja, alikuwa na homa. Sabiti alikuwa na gari linalosubiri kupeleka mawe kwenye karasha ya kusagia, na dereva alikuwa anapiga honi. Alimwita Eustace apande juu, ashushe na kubonyeza yeye mwenyewe. Eustace alisema kuna kona. Sabiti alisema mara mbili tatu tu, gari lijae. Mara ya kwanza kigari kilipanda vizuri, na ya pili pia. Mara ya tatu kilifika karibu na kona kikiwa na viroba viwili vilivyolowa, na rimoti mkononi mwa Eustace ikalia mlio mdogo wa kupoteza mawasiliano. Alibonyeza breki. Aliendelea kubonyeza. Alisikia magurudumu yakirudi chini kwenye mbao, kwanza polepole, kisha si polepole, na alimwita Bujiku kwa sauti yake yote. Bujiku alikuwa ameinama anafunga kiroba kingine.

Mguu wa kulia ulivunjika mahali pengi, na nyonga pia. Walimtoa kwa kumfunga kwenye mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha mlinzi. Alipelekwa Kahama, na baadaye, kwa kuwa ndugu zake wako huko, akahamishiwa Kolandoto. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Maofisa wa madini walifika, wakalifunga duara kwa muda na kuagiza kile kigari kiondolewe. Siku chache baadaye kukawa na kikao kwenye ofisi ya kijiji. Loveness alikuwepo, amejifunga khanga mbili, hatazami mtu. Serafina alikuwa ameitwa. Hakujua kwa nini mpaka Sabiti aliposimama. Alizungumza kwa sauti ile ile ya chini, akitoa pole kwa familia, akisema gharama za hospitali ni zake zote. Kisha akasema kwamba yeye si fundi. Alikipeleka kifaa kwa fundi wa Kalangalala, fundi akakipima, akakikabidhi kuwa ni kizima. Kama kilikuwa na kasoro ya kujiachia, aliyekuwa na ujuzi wa kuiona ni huyo fundi.

Watu wote walimgeukia Serafina. Alisimama, akaeleza kuhusu kontena, kuhusu kamba, kuhusu simu aliyopiga. Sabiti alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa anayeweweseka.

"Simu alipiga, ni kweli," alisema. "Tulisalimiana. Mambo ya kona mimi siyakumbuki. Na kama alijua handaki linapinda, mbona alikifunga?"

Mwenyekiti wa kijiji akamwuliza Serafina, "Ulijua linapinda?"

"Niliuliza. Niliambiwa limenyooka."

"Na nani?"

Serafina alitazama sakafu ya saruji, mahali ambapo maji yalikuwa yanaingia kupitia chini ya mlango. Watu walianza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba ndiyo maana wanawake hawaruhusiwi duarani, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Na mimi," Eustace alisema.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, pamoja na wachimbaji wengine. Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni. "Aliniuliza mimi, mbele ya bosi, na nikasema limenyooka kama rula. Nilijua linapinda. Bosi alijua. Simu ya mke wangu bosi alinisimulia mwenyewe, mbele ya hawa wote. Na siku ile ni yeye aliyeniita juu, na ni mimi niliyepanda." Akamgeukia Loveness. "Ni mimi niliyepanda, shemeji. Ningeweza kukataa."

Wachimbaji walioulizwa kama ni kweli walitazamana, na mmoja baada ya mwingine wakasema hawakumbuki. Walikuwa na watoto, na duara lingefunguliwa tena. Kikao kiliisha kwa makubaliano kwamba Sabiti amtunze majeruhi mpaka apone. Nje, kwenye mvua, Sabiti aliwasalimia Serafina na Eustace kwa mkono, akawatakia safari njema.

Hakuna aliyempa Eustace kazi tena, si Segese wala kwingine. Alikuwa anakaa kibandani na mkewe, akifungua na kufunga skrubu. Walizungumza mambo ya lazima tu. Usiku alilala mkekani, ingawa sasa hakuwa amebeba kitu.

Mvua zilipokatika walikwenda Kolandoto kumtembelea Bujiku. Walimkuta amekaa kitandani, uso wake wa duara umepungua, Loveness pembeni anamenya chungwa. Eustace alisimama mlangoni mpaka Bujiku alipomwita aingie.

Waliongea habari za mvua na za mahindi. Kisha Bujiku akauliza, "Kile kigari walikitupa?"

Mtu mmoja wa duarani alikuwa amempigia Eustace simu juzi yake. "Walikificha," alisema. "Maofisa walipoondoka wakakirudisha. Rimoti anayo mpwa wake Sabiti. Anakaa juu."

"Juu. Si konani?"

"Juu."

"Na chini nani?"

Eustace alimtazama Serafina, kama vile angeweza kumjibia. "Doto," alisema.

Doto ni mdogo wake Bujiku. Alikuwa amewaambia nyumbani kwamba amepata kazi ya kuuza duka Kahama. Loveness aliweka chungwa chini, akatoa simu kwenye khanga na kupiga. Serafina aliisikia ile sauti ya kike, ya upole, ikisema kwamba namba haipatikani. Loveness akapiga tena, akapata sauti ile ile. Bujiku alikuwa amekamata chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Twende," Serafina alisema. Alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Walifika Segese jua likiwa bado juu, yeye na Eustace na Loveness, kwa gari la kukodi. Duarani walinzi walijaribu kuwazuia, lakini Loveness hakusimama. Alipita chini ya turubai, akapita kiti kile walichomwekea Serafina, akaenda mpaka kwenye yale matimba mawili ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kusimama, na Serafina akamfuata. Wanaume waliinuka wakafoka. Mpwa wa Sabiti alikuwa amekaa juu ya ndoo, rimoti mkononi, ametoa macho.

"Kizime," Serafina alimwambia. "Kikifika juu, kizime, umwite Doto."

Mlio mwembamba ulikuwa unapanda kutoka gizani. Ulikatika kidogo, na wote waliokuwa pale wakaacha kufoka. Kisha ukarudi. Kigari kikatokea kwenye mwanga, kreti imejaa, maji yanatiririka, kikasimama. Serafina aliinama akakizima kwa mkono wake. Muda mrefu ulipita kabla hawajaona taa ya kichwani ya mtu anayepanda kwa miguu.

Doto alitoka akipepesa macho kwa mwanga. Alipomwona shemeji yake alianza kujieleza, kwamba mke wake ni mjamzito, kwamba ni mwezi mmoja tu. Loveness alimshika mkono kama mtu anavyomshika mtoto anayevuka barabara, akaondoka naye vile vile na tope lake mpaka kwenye gari. Hakumwachia mpaka Kolandoto.

Sabiti hakuwepo siku hiyo. Hakupiga simu, wala hakulalamika popote. Serafina aliripoti kwa maofisa kwamba kigari kimerudishwa, nao wakasema watafika. Kabla hawajafika, mtu wa duarani alimpigia Eustace tena. Kazi inaendelea, alisema. Chini wamemweka mgeni kutoka Kakonko, mchapakazi sana, bado hawajajua vizuri anaitwa nani.